Miezi Mitatu ya Mwisho: Mwili wa Mama Kijacho na Vipimo vya Kliniki

Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito huanza kwenye wiki ya 28 na huishia siku ya kujifungua, siku ambayo kwa mimba zilizo nyingi huangukia kati ya wiki ya 37 na ya 42. Mazungumzo haya ni ya kipindi hicho: mwili wa mama kijacho hubadilika vipi, kliniki humpima nini, na kwa nini.

Swali la kwanza ni hili. Kwa nini mama aliyekwisha kuhudhuria kliniki mara mbili tatu, akachomwa sindano, akatolewa damu na kupewa kadi, aambiwe arudi tena na tena mwishoni, na hali anajisikia mzima? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza mahudhurio manane kwa kila mimba. La kwanza ni kabla wiki 12 hazijatimia, mawili yapo katikati, kisha matano yote yamo katika miezi hii ya mwisho: wiki ya 30, ya 34, ya 36, ya 38 na ya 40. Yaani zaidi ya nusu ya safari za kliniki zimepangwa mwishoni. Kabla ya hapo mpango uliozoeleka ulikuwa wa mahudhurio manne, na wapo akina mama, na zaidi akina bibi, ambao hadi leo wanahesabu kwa mpango ule wa zamani.

Jibu la swali hilo litarudi mara kadhaa katika mazungumzo haya, kwa hiyo lisikilizwe vizuri. Mabadiliko mengi ya miezi ya mwisho ni ya kawaida, hata yanapokera. Machache ni ya hatari. Shida ni kwamba hayo machache hufanana na yale mengi, na mengine hayaumi hata kidogo. Mama hawezi kuyatenganisha kwa kujitazama kwenye kioo, wala jirani hawezi, wala mkunga mwenye miaka thelathini kazini hawezi bila kupima.

Mwili wenyewe uje kwanza. Mji wa mimba, ambao kabla ya ujauzito una uzito usiofika hata gramu mia moja, mwishoni hufikia kilo moja hivi, tena peke yake, bila mtoto wala maji yanayomzunguka. Katika wiki ya 20 ncha yake ya juu ipo karibu na kitovu. Ikifika wiki ya 36 imepanda hadi chini ya mfupa wa kifua. Kitu kinachopanda kiasi hicho hakina budi kusukuma vilivyokuwapo, na malalamiko mengi ya kipindi hiki yanaanzia hapo. Mapafu yanakosa nafasi, basi mama akipanda ngazi au kilima kidogo anahema. Kibofu kinabanwa, basi usiku anaamka mara tatu kwenda haja. Tumbo la chakula linasukumwa juu, na kwa kuwa homoni za ujauzito zimelegeza mlango ulio kati yake na koo la chakula, uchachu unapanda na kuchoma kifuani. Wapo wasemao kiungulia ni dalili ya mtoto mwenye nywele nyingi. Nywele zipo au hazipo, dawa ya kwanza ni ileile: kula kidogo kidogo mara nyingi, kupunguza pilipili na mafuta, na kutolala mara tu baada ya chakula cha usiku. Homoni hizohizo hulegeza utumbo, ndiyo maana choo kinakuwa kigumu, na choo kigumu kikiongezewa uzito wa mimba huleta bawasiri. Maji ya kutosha, matunda, mboga za majani na kutembea husaidia kuliko dawa nyingi za dukani.

Maungo nayo hulegea. Viungo vya nyonga hujiandaa kwa ajili ya kujifungua, tumbo humvuta mama mbele, naye hujikunja kiuno nyuma ili asianguke, na mgongo hulipa gharama hiyo jioni. Misuli ya miguu hukaza ghafla usiku wa manane. Kuinyoosha miguu na kuvivuta vidole kuelekea juu huituliza. Ngozi huchora mstari mweusi kutoka kitovuni kwenda chini, na michirizi tumboni na mapajani. Hayo hayana madhara, wala mafuta ya bei ghali hayajathibitika kuyazuia. Matiti huweza kutoa matone ya maziwa ya njano, ndiyo dang'a, wiki kadhaa kabla ya mtoto kuzaliwa. Yasikamuliwe na kumwagwa kama uchafu, kama wengine wanavyoshauriwa. Ndiyo yatakayokuwa chakula cha kwanza cha mtoto na kinga yake ya kwanza.

Namna ya kulala inahitaji maneno mawili matatu. Mama akilala chali katika miezi hii, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Wengine huhisi kizunguzungu na jasho. Wengine hawahisi kitu, lakini damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Tafiti zimeonyesha kuwa kulala chali tangu wiki ya 28 kunaambatana na hatari kubwa zaidi ya mtoto kufia tumboni. Kwa hiyo ushauri ni mwepesi: alale ubavu, wa kushoto au wa kulia. Akiamka usiku akajikuta amelala chali hana haja ya kuogopa. Ajigeuze tu na kuendelea na usingizi.

Sasa damu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisikia kliniki bila kuelezwa. Wingi wa damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu katika ujauzito, lakini sehemu ya majimaji huongezeka zaidi kuliko chembe nyekundu. Ni kama mchuzi ulioongezwa maji: sufuria imejaa zaidi, ladha imepungua. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu hushuka kidogo hata kwa mama anayekula vizuri, na ndiyo maana kiwango kinachokubalika kwa mjamzito, gramu 11 kwa desilita, ni cha chini kuliko cha mwanamke asiye na mimba. Chini ya 11 anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Chini ya 7 ni upungufu mkali unaotaka hospitali.

Kwa nini upungufu huo uhofiwe hivyo mwishoni? Kwa sababu kila uzazi hupoteza damu kiasi fulani. Mama mwenye damu ya kutosha huvumilia. Mama aliyeingia leba akiwa hana akiba anaweza kuzidiwa na kiasi ambacho mwenzake hakukitambua hata kidogo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, vile ambavyo akina mama huviita vidonge vya kuongeza damu, vinapaswa kumezwa kila siku hadi mwisho. Ni kweli vinachefua wengine na kukifanya choo kuwa cheusi. Weusi huo si ugonjwa. Akichefukwa ameze usiku kabla ya kulala, asiviache kabatini.

Chakula pia kina siri zake. Dagaa, maini yaliyoiva vizuri, nyama, maharage, kunde, mchicha, matembele na kisamvu vina madini ya chuma. Machungwa, maembe na ndimu husaidia mwili kuyapokea. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Isubiri saa moja au mbili. Na udongo? Huo unaouzwa sokoni kwa jina la pemba kwa upande wa Tanzania na odowa kwa upande wa Kenya, ambao wajawazito wengi huutamani kupita kiasi? Tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini na kuleta vimelea tumboni. Mama asiyeweza kujizuia asione haya kumwambia muuguzi. Hilo ni taarifa ya kitabibu, halina aibu. Mayai nayo yaliwe, maana ile imani ya kuwa yai humletea mtoto upara haina msingi, na imewanyima wajawazito wengi chakula bora kilichopo hapohapo uani. Na kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani ukiangukia miezi hii, dini yenyewe imempa mjamzito ruhusa ya kutofunga akihofia afya yake au ya mtoto, akalipa baadaye.

Baada ya damu, uvimbe. Hapa ndipo lile jibu la mwanzo linaporudi. Miguu ya wajawazito wengi huvimba mwishoni. Viatu havimtoshi jioni, akilala na kuinua miguu, asubuhi uvimbe umepungua. Hiyo ni kawaida. Lakini kuna uvimbe mwingine unaoamka na mama asubuhi, unaofika usoni na mikononi, pete ikakataa kutoka kidoleni. Huo unaweza kuwa mwenzi wa presha ya ujauzito, ugonjwa ambao huanza baada ya wiki ya 20 na huonekana zaidi katika miezi ya mwisho. Ukiachwa, unaweza kuharibu figo na ini, kumdumaza mtoto, na kumfikisha mama kwenye kifafa cha mimba, yaani degedege la mwili mzima na kupoteza fahamu.

Jambo moja lirudiwe: presha haiumi. Mama anaweza kuwa na presha ya juu huku anafua, anapika na kucheka na wenzake. Tena anaweza kuwa nayo bila uvimbe wowote. Wala kifafa cha mimba si pepo, si jini, si kurogwa, ingawa familia nyingi zimepoteza saa zenye thamani kwa mganga zikiamini hivyo. Ni ugonjwa wa ujauzito wenyewe, na dalili zake za karibu zinajulikana: kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, na uvimbe wa ghafla wa uso. Dalili hizo zikitokea, hata moja, ni safari ya kituo cha afya muda huohuo, si kesho asubuhi.

Na kituoni kuna dawa. Sindano ya magnesiamu salfeti imetumika kwa miaka mingi kutibu degedege hilo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mama mwenye presha ya ujauzito kufikia kifafa. Dawa si ghali. Ila humfaa aliyefika mapema.

Kutoka hapo ni rahisi kuelewa kinachofanyika kliniki. Kila hudhurio la miezi ya mwisho huanza na mashine ya presha. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, mama hupumzishwa na kupimwa tena, kisha mkojo wake hutazamwa kama una protini. Presha ya juu na protini kwenye mkojo ndivyo viwili vinavyomfanya mhudumu aache foleni na kumwita daktari. Mama aliyepewa kikopo cha mkojo asidhani ni utaratibu tu wa kupoteza muda. Katika kikopo kile kuna jibu ambalo uso wake hauwezi kulitoa. Mkojo huohuo huonyesha sukari na maambukizi. Mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, mwenye kisukari, na aliyewahi kupata presha katika mimba iliyotangulia, hao hasa wasikose hudhurio hata moja.

Uzito hupimwa pia. Kwa mama wa umbo la kawaida, kuongezeka kwa karibu nusu kilo kila wiki ni sawa. Akiongezeka ghafla kwa kilo moja au mbili ndani ya wiki moja, huenda si mafuta bali ni maji, na mhudumu hurudi kwenye presha.

Halafu tumbo. Mama hulala kitandani, na muuguzi hupima kimo cha mimba kwa utepe, kuanzia juu ya mfupa wa kinena hadi ncha ya mji wa mimba. Baada ya wiki ya 24 sentimita hizo hukaribiana na wiki za ujauzito: wiki 32, sentimita 32 hivi, tofauti ya mbili juu au chini ikivumiliwa. Kimo kikibaki nyuma sana, huenda mtoto hakui vizuri; kikizidi sana, huenda ni mapacha, maji mengi, au tarehe iliyokosewa tangu mwanzo. Kukosea tarehe ni jambo la kila siku. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na si kila mwanamke huiandika. Wauguzi wazoefu huuliza kwa njia nyingine: ilikuwa kabla ya Idi au baada yake? Shule zilikuwa zimefungua? Mahindi yalikuwa yamevunwa? Kipimo cha picha ya utrasaundi kinachofanywa mapema, kabla ya wiki ya 24, hutoa tarehe ya kuaminika zaidi. Kikifanywa mwishoni hakifai sana kwa kazi hiyo, lakini huonyesha mtoto amelalaje na kondo la nyuma limekaa wapi.

Mikono ya muuguzi nayo ina elimu. Kwa kupapasa hujua mgongo wa mtoto uko upande gani na nini kimetangulia, kichwa au matako. Kabla ya wiki ya 36 mtoto anaweza kupinduka apendavyo, wala hakuna haja ya wasiwasi. Wiki ya 36 ndiyo wiki ya kuuliza kwa makini. Ikiwa matako ndiyo yametangulia, daktari mwenye ujuzi huweza kujaribu kumgeuza kwa nje, hospitalini, chini ya uangalizi. Kazi hiyo haifai kufanywa kwa kukandwa tumbo nyumbani na mtu yeyote, hata awe na sifa ya namna gani mtaani, kwa maana kondo la nyuma linaweza kubanduka.

Kisha muuguzi husikiliza moyo wa mtoto. Vituo vikubwa vina mashine yenye kipaza sauti. Zahanati nyingi bado hutumia pembe dogo la mbao, plastiki au bati, aina iliyobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Chombo hicho hakitaki umeme wala betri, na mikononi mwa mkunga aliyetulia kinafanya kazi yake barabara. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, karibu mara mbili ya mapigo ya mama. Mama aombe kuelezwa alichosikia muuguzi. Ni haki yake.

Vipimo vya damu na dawa vielezwe kwa kifupi. Kipimo cha wingi wa damu hurudiwa. Kipimo cha virusi vya UKIMWI hurudiwa pia hata kama cha kwanza kilikuwa salama, kwani maambukizi yanaweza kuingia katikati ya ujauzito, na mama anayeanza dawa anaweza kumkinga mtoto. Kaswende hupimwa na kutibiwa kwa sindano ya penisilini. Mama mwenye kundi la damu la rhesus hasi ana sindano yake maalumu, na mwongozo wa wengi ni wiki ya 28. Chanjo ya pepopunda hukamilishwa, dozi ya mwisho ikitangulia uzazi kwa wiki mbili au zaidi. Na kwenye maeneo yenye malaria, vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, hutolewa tangu miezi ya katikati, vikimezwa kwa pamoja mbele ya mhudumu, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, na lengo ni dozi tatu angalau. Malaria ya mjamzito inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, chini ya kilo mbili na nusu. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP. Amwambie mhudumu mapema. Chandarua chenye dawa ni cha wote, kila usiku.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakina mashine, na mwenye nacho ni mama peke yake: kucheza kwa mtoto. Kufikia miezi ya mwisho kila mtoto ana mazoea yake. Huyu hucheza sana jioni mama akikaa, yule baada ya chakula. Hakuna idadi moja ya mateke inayowafaa wajawazito wote. Linalotakiwa ni mama ajue desturi ya mtoto wake. Husemwa sana mitaani kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza kwa sababu nafasi imekuwa finyu. Si kweli. Namna ya kucheza hubadilika, mateke makali huwa misukumo na migeuko, lakini kiasi hakipungui. Mtoto aliyepunguza kucheza anaweza kuwa anatoa taarifa ya mwisho kwamba chakula na hewa havimfikii vizuri. Mama asingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi, wala asitosheke na kunywa soda ya baridi ili mtoto ashtuke. Aende akasikilizwe mapigo siku hiyohiyo, na akiambiwa kila kitu kiko sawa, kisha hali ikajirudia, aende tena. Hakuna mhudumu mwenye haki ya kumcheka.

Vipi kuhusu uchungu? Tumbo hukaza na kulegea kwa wiki nyingi kabla ya uzazi. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks ndiye aliyeueleza mkazo huo mwaka 1872, na wakunga wa huku wauita uchungu wa uongo. Huja ovyo ovyo, hauongezeki nguvu, na mama akitembea au akibadili mkao hupoa. Uchungu wa kweli hufuata mpangilio: hukaribiana, huzidi nguvu, huzunguka kutoka mgongoni hadi mbele, wala kutembea hakuutulizi. Ute mzito wenye michirizi ya damu unaweza kuutangulia. Kwa mimba ya kwanza kichwa cha mtoto mara nyingi hushuka nyongani wiki chache kabla. Mama hupata pumzi, lakini safari za haja ndogo huongezeka. Kwa aliyekwisha kuzaa kinaweza kungoja hadi uchungu wenyewe uanze. Uchungu wa kweli ukianza kabla ya wiki ya 37 haufai kuvumiliwa nyumbani hata kidogo. Na dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni hatari kubwa: zinaweza kuukaza mji wa mimba kupita kiasi hadi ukapasuka, hasa kwa mama mwenye kovu la upasuaji.

Ukiacha ute huo wenye michirizi, kutokwa na damu hakuna kiwango cha kuvumilika katika miezi hii. Damu isiyo na maumivu inaweza kumaanisha kondo la nyuma limeziba njia ya uzazi. Damu yenye maumivu na tumbo gumu kama limeganda inaweza kumaanisha limebanduka. Yote mawili yanataka hospitali yenye upasuaji. Chupa ikipasuka, mama aende hata kama hana uchungu, na maji yakiwa ya kijani aende haraka zaidi, kwani mtoto huenda amechoka. Homa kali, degedege na kushindwa kuhema vimo katika orodha hiyohiyo.

Aende kwa usafiri gani? Hilo ndilo swali ambalo kliniki nzuri hulimaliza kabla ya wiki ya 36, baba mtarajiwa akiwepo ikiwezekana. Mpango wa kujifungua hutaja kituo chenyewe, mtu wa kumsindikiza, atakayebaki na watoto, ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu, fedha kidogo iliyotengwa, na mfuko wenye kanga safi, nguo za mtoto na kadi ya kliniki, au kijitabu cha mama na mtoto kama kinavyotolewa Kenya. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha au aliyemwaga damu nyingi uzazi uliopita, asipange kuzalia zahanati ya karibu kwa kuwa tu ni ya karibu. Anayeishi mbali afikirie kusogea mapema kwa ndugu aliye jirani na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria pale ilipo.

Kwa upande wa Tanzania kuna pia mfumo wa m-mama. Mhudumu wa zahanati, au ndugu wa mgonjwa, hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea huuliza hali ya mama, kisha hutafuta ambulansi, na isipopatikana huita dereva wa jamii aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, ambaye nauli yake hulipwa na mfumo wenyewe. Namba hiyo iandikwe mlangoni, ukutani, na kwenye simu ya kila mtu wa nyumba, maana usiku wa dharura si wakati wa kuuliza majirani.

Hatimaye tarehe ya matarajio hufika, na wengi huipita. Mimba huhesabiwa wiki 40, lakini ni watoto wachache wanaozaliwa siku yenyewe iliyoandikwa. Siku chache za ziada si tatizo, ilimradi mama amehudhuria wiki ya 40, presha imepimwa na mtoto anacheza. Wiki ya 41 ikitimia bila uchungu, hali ni nyingine: kondo la nyuma linaanza kuchoka, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aliyefika hapo aanzishiwe uchungu hospitalini, chini ya macho ya wataalamu. Kwa hiyo mama wa wiki 41 asiendelee kusubiri nyumbani. Afike hospitali siku hiyo, hata kama hana maumivu yoyote.